Tukiwa Chennai na wazee, tuingie mahekalu gani na tuishie wapi?

"Mwalimu, assalaam alaykum. Januari tunampeleka baba Chennai kwa uchunguzi. Alifanyiwa upasuaji wa moyo huko miaka miwili iliyopita. Tutakuwa sita: baba ana miaka 71 na ana kisukari, mama ana 66 na magoti yanamsumbua, mimi na mume wangu, na watoto wetu wa miaka 12 na 7. Madaktari wakimaliza tutabaki na siku nne. Binti yangu mkubwa ameona picha ya hekalu lililochongwa katika jiwe moja na tangu siku hiyo hatulali. Mtu mmoja ametuambia wasio Wahindu hawaingii kabisa, mwingine anasema ukilipa unaingia popote, na mama anaogopa tutapakwa rangi usoni na kulazimishwa kusujudu. Sisi ni Waislamu. Mume wangu anataka Madurai kwa sababu ndilo hekalu kubwa kuliko yote. Je, inawezekana? Na kama haiwezekani, twende wapi?"

Wa alaykumu salaam, dada yangu. Mungu amzidishie baba afya. Familia nyingi za kwetu zinaijua Chennai kwa korido za wodi na foleni ya dirisha la malipo tu, kwa hiyo nimefurahi kuona kwamba safari hii mnataka kutoka nje ya geti la hospitali. Inawezekana kabisa. Ila Madurai nitakuomba muiache, na nitakueleza sababu.

Hao wawili waliokushauri wamekosea wote, kwa kuwa wanayasema mahekalu kana kwamba ni jengo la aina moja. Katika jimbo la Tamil Nadu, ambalo Chennai ndiyo makao yake makuu, kuna mahekalu ya kale ambayo ibada ilikoma zamani, na mengine haikuwahi hata kuanza. Hayo yapo chini ya Idara ya Mambo ya Kale ya India. Yana kibanda cha tiketi, na haulizwi mtu dini yake, kama usivyoulizwa ukienda Gedi au Kilwa Kisiwani. Halafu kuna mahekalu ya kale ambayo taa yake haijazimika. Kuhani anafika alfajiri, waumini wanakuja na asumini na nazi kama walivyokuja babu zao. Huko unakuwa mgeni ndani ya nyumba ya watu. Na yapo ya katikati: jengo linatunzwa na Idara, lakini kuhani yupo na ibada inaendelea. Umri hautakusaidia kuyatofautisha. Hekalu kuu la Thanjavur lilikamilika mwaka 1010 na mpaka leo linaabudiwa, ilhali ya Mahabalipuram, mji wa pwani karibu na Chennai, yaliyolitangulia kwa karne tatu hivi, mengi yao sasa ni kumbukumbu tu.

Hata katika mahekalu yaliyo hai, swali la kuingia au kutoingia halijibiwi kwa ndiyo au hapana. Swali sahihi ni: unaishia wapi? Ukilielewa hili, hofu ya mama itapungua nusu, kwa hiyo niruhusu nilieleze taratibu.

Msikiti wetu ni mahali pa kukusanyika. Watu wanapanga safu, wanaelekea upande mmoja, wanaswali pamoja. Hekalu la Kihindu halikujengwa kwa ajili ya mkusanyiko. Limejengwa kama jumba la mfalme, na mwenye jumba ni mungu anayeaminiwa kuwa anakaa humo. Makuhani humwamsha asubuhi, humwogesha, humvika, humpelekea chakula, na mchana humwacha apumzike. Ndiyo maana mahekalu mengi ya Tamil Nadu hufungwa saa sita na nusu hivi za mchana na kufunguliwa tena saa kumi jioni. Familia nyingi za wageni hufika saa saba, zikakuta milango imefungwa na watoto wanalia njaa.

Muumini anakwenda kumwona mwenye jumba na kuonwa naye. Wanaiita darshan. Anafika kwa wakati wake, anasimama dakika chache mbele ya chumba cha ndani, anapokea baraka, anazunguka kwa kufuata upande wa kuume, anaondoka. Hakuna hotuba, hakuna safu, hakuna wakati ambapo watu wote wanainama na wewe peke yako umesimama. Basi mama asiogope kulazimishwa kusujudu. Hakuna tendo la pamoja ambalo mtu angeweza kukulazimisha kulifuata.

Chumba hicho cha ndani kinaitwa garbhagriha, maana yake nyumba ya tumbo la uzazi. Ni kidogo, hakina dirisha, na mwanga wake ni taa za samli au mafuta. Ukitoka barabarani unapita lango lenye mnara, kisha uwanja ulio wazi, kisha ukumbi wa nguzo, kisha ukumbi mdogo zaidi, na kila hatua mwanga unapungua na dari inashuka. Waliojenga walikusudia hivyo: mtu aiache dunia nyuma yake kidogo kidogo mpaka abaki na taa moja. Masharti nayo yanafuata mpangilio huo huo. Langoni unavua viatu. Ndani zaidi unazima simu. Karibu na mwisho, asiye Mhindu anasimama.

Alama ya kusimama katika mahekalu mengi ya kule ni nguzo ya bendera, wanaiita kodimaram, mlingoti mrefu uliovikwa bamba la shaba au la rangi ya dhahabu. Januari 2024 Mahakama Kuu ya Madras, katika kesi ya hekalu la Palani, iliagiza vibao viwekwe kuwaambia wasio Wahindu wasivuke nguzo hiyo. Basi kokote mtakakoingia penye ibada, watafute watoto nguzo ya bendera kwanza. Wakishaiona, mnajua mpaka wenu na hamna haja ya kuishi kwa wasiwasi.

Na huyo aliyesema "ukilipa unaingia" amechanganya mambo. Tiketi zinazouzwa ndani ya mahekalu hai ni za foleni fupi kwa waumini walio na haraka. Hazibadilishi sharti la dini. Langoni mnaweza kukutana na mtu mwenye tabasamu atakayesema atawapitisha mlango wa nyuma kwa rupia kadhaa. Mkatalieni. Akiwapitisha, mtakuwa mmeingia faraghani kwa watu bila ridhaa yao, na mkigundulika aibu itawapata nyinyi mbele ya watoto, yeye akiwa ameshaondoka. Mkiulizwa dini yenu, semeni ukweli. Mara nyingi jibu ni "karibuni, mwisho wenu ni pale". Mahali pachache ni "hapana" tangu langoni, kama hekalu la Jagannath kule Puri, mashariki mwa India, ambako mwaka 1984 hata Indira Gandhi, aliyekuwa waziri mkuu, hakuruhusiwa kuingia kwa kuwa aliolewa na mtu wa jamii ya Parsi, ambao si Wahindu. Kama waziri mkuu alizuiwa, mgeni akizuiwa asione amedharauliwa.

Jambo jingine dogo linalohusu lugha yetu: sisi tumezoea kusema "Wahindi" na "Wahindu" kama kitu kimoja. Muhindi ni mtu wa India. Mhindu ni mfuasi wa dini. Chennai ina Wahindi Waislamu wengi, na mtaa wa Triplicane una Msikiti wa Wallajah, uliojengwa mwaka 1795, wenye uwanja mpana unaompendeza mtu mzima kukaa. Mpelekeni baba huko Ijumaa. Atajiona yuko nyumbani kuliko mnavyodhani.

Sasa Madurai. Hekalu la huko, la Meenakshi, ni zuri, na mume wako ana haki ya kulitamani, ingawa si kubwa kuliko yote; eneo la hekalu la Srirangam, karibu na Tiruchirappalli, linalipita mbali. Lakini fikirini hali yenu. Ni zaidi ya kilomita 450 kutoka Chennai. Minara yake mirefu yenye sanamu za rangi utaiona vizuri ukiwa nje, barabarani. Ndani utavua viatu, utaacha simu na kamera, utapita ukaguzi, utatembea korido ndefu za mawe katikati ya umati, na sehemu za ndani kabisa hamtaingia. Kwa vijana wawili wenye nguvu ningesema nendeni leo. Kwa mzee wa moyo na mama wa magoti, ni siku tatu za barabara kwa ajili ya saa mbili za korido.

Thanjavur ndiyo ingenitia majaribuni kuwashauri. Hekalu lile, lililojengwa na mfalme Rajaraja wa Kwanza wa ukoo wa Chola, lina mnara wa mawe ya matale, yaani graniti, wenye urefu wa mita 60 na zaidi, na uwanja wake ni mpana kiasi kwamba umati hauonekani. Jioni, jua likilipiga lile jiwe, linageuka rangi ya asali. Familia za mjini huja na mikeka, watoto wanakimbizana, na mgeni anakaa nao bila kuulizwa neno. (Mkienda siku moja, mtaambiwa kivuli cha mnara huo hakiangukii ardhini. Kinaangukia, nimekaa ndani yake.) Lakini ni kama kilomita 340, treni ya saa sita hivi kwenda na sita kurudi. Kwa kuwa baba atarudi kliniki tena, iwekeni safari ijayo, akiwa imara zaidi.

Safari hii nendeni Mahabalipuram. Picha aliyoiona binti yako, bila shaka, ni ya huko.

Ni mji mdogo wa pwani, kilomita 55 hivi kusini mwa Chennai, saa moja na nusu kwa gari. Wafalme wa ukoo wa Pallava waliufanya bandari na karakana ya mawe katika karne ya 7 na ya 8, na mwaka 1984 UNESCO iliuingiza katika Urithi wa Dunia. Kundi linaloitwa Ratha Tano (ratha ni gari la kukokotwa) ndilo la kumwonyesha binti kwanza. Hakuna tofali wala tone la chokaa pale. Mafundi waliukuta mwamba mmoja mrefu wa matale ukitoka ardhini, wakaukata vipande, na kila kipande wakakichonga kikawa jengo zima, tangu paa hadi msingi. Mwambie achunguze chini: kazi ilianzia juu, na haikumalizika, kwa hiyo sehemu za miguuni bado ni jiwe ghafi na alama za patasi zinaonekana. Kwa kuwa hayakumalizika, hapana ibada inayoendelea humo, na mnazunguka mnavyotaka. Majina yake, ya ndugu watano wa hadithi ya Mahabharata na mke wao Draupadi, yalibandikwa baadaye sana na hayahusiani na ujenzi.

Ratha ya Draupadi ndiyo ndogo kuliko zote na ndiyo ninayoipenda. Paa lake limepinda kama paa la kibanda cha nyasi. Mtoto wa pwani anayejua makuti ataitambua kabla ya mtu yeyote kumweleza: ni kibanda cha kijijini kilichogeuzwa jiwe. Zile Ratha nyingine zina mapaa ya aina tofauti, na wataalamu wengi huyatazama kama daftari la mazoezi, mafundi wakijaribu katika jiwe maumbo waliyoyajua katika mbao na nyasi. Miaka mia tatu baadaye, mazoezi hayo yamekua yakawa mnara wa Thanjavur. Mdogo wake wa miaka 7 hatajali habari hizo, lakini kati ya Ratha hizo yuko tembo wa jiwe wa ukubwa wa tembo kweli, na huyo atamtosha.

Kisha nendeni kwenye Hekalu la Ufukweni, lililojengwa kwa mawe yaliyokatwa na kupangwa mwanzoni mwa karne ya 8, minara miwili ikitazama Bahari ya Hindi, bahari yetu hii hii. Sura za sanamu zake zimelika na chumvi kama zilivyolika kuta za Kilwa. Idara imeweka ukuta wa mawe upande wa maji na kupanda mivinje kuvunja upepo, mti ule ule tunaoujua Bagamoyo na Kilifi. Mabaharia wa Ulaya waliuita mji huu Pagoda Saba na kusimulia kwamba sita zimezama. Tarehe 26 Desemba 2004, kabla ya tsunami kupiga, bahari ilirudi nyuma na watu wakaona safu za mawe chini ya maji, na wimbi lilipopita lilifukua mawe yaliyochongwa yaliyokuwa chini ya mchanga. Wimbi hilo hilo lilivuka likaua watu Somalia, na wengine hata pwani ya Tanzania. Hadithi ya mahekalu sita kamili haijathibitishwa, lakini kwamba kulikuwa na majengo zaidi, hilo sasa linajulikana.

Tiketi moja inatosha kwa Ratha Tano na Hekalu la Ufukweni siku hiyo hiyo. Bei ya mgeni imekuwa rupia 600, na walio chini ya miaka 15 hawalipi, hivyo bebeni pasipoti za watoto. Lango linafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Fikeni saa hiyo. Laleni Mahabalipuram usiku uliotangulia ili wazee wasiamshwe usiku wa manane, na kufika saa nne muwe mmemaliza mkirudi kupumzika. Mchongo mkubwa wa ukutani, ule wenye tembo na mto wa Ganga unaoshuka, uko kando ya barabara na hauna kiingilio. Mama anaweza kuutazama akiwa amekaa ndani ya bajaji.

Kesho yake, wazee wakiamka vizuri, rudini Chennai kupitia Kanchipuram. Huko liko hekalu la Kailasanatha, la karne ya 8 mwanzoni, la jiwe la mchanga, limezungukwa na vijumba 58 vya ibada, na katika baadhi yake mabaki ya rangi za kale bado yameng'ang'ania plasta. Ni lile la aina ya katikati: Idara inalitunza na kuhani yupo. Ni tulivu. Uwanjani mko huru, viatu mnavua, chumba cha ndani mnakiacha. Na mkitaka kuona hekalu hai lenye pilikapilika bila kusafiri, jioni moja nendeni Mylapore, hapo hapo Chennai, mkae kando ya bwawa la Kapaleeshwarar na uwanja wake wa nje. Inasimuliwa kwamba la kwanza lilikuwa karibu na bahari na Wareno wakalibomoa. Watu wa Mombasa hamhitaji kuelezwa hao walikuwa watu gani.

Kuhusu rangi na chakula: mtu anaweza kumnyooshea mama majivu meupe, unga mwekundu wa kupaka kwenye paji, au chakula kilichotolewa mbele ya sanamu. Aweke mkono wa kulia kifuani, ainamishe kichwa kidogo, atabasamu. Watu wanaelewa na hawakasiriki. Kama inafaa Mwislamu kuingia uwanja wa hekalu lenye ibada, hilo si la fani yangu. Muulizeni sheikhe wenu kabla ya safari, nyote mkiwepo, ili msije mkabishana langoni. Akiwakataza, Ratha Tano na Hekalu la Ufukweni bado ni zenu kama makumbusho. Mavazi yenu ya stara yanafaa kila mahali. Hijabu haina shida kwenye makumbusho; kwenye hekalu hai huenda mlinzi akakusimamisha na kukuuliza, nawe utamjibu ulivyo.

Sasa nirudi kwa jambo ulilolitaja kwa neno moja tu, na ndilo linalonitia hofu kuliko yote: kisukari cha baba. Kuvua viatu kwenye mawe ya matale yaliyopigwa na jua ni hatari kwake. Matale hushika joto haraka na kulitoa polepole, na mtu ambaye sukari imemtia ganzi nyayo anaweza kuungua bila kuhisi, akagundua malengelenge usiku. Januari hewa ya Chennai ni ya wastani, lakini jiwe la saa saba mchana halijali mwezi. Avae soksi nene za pamba. Mahekalu mengi yanaziruhusu. Alfajiri au jioni tu. Kila mkirudi hotelini, mmoja wenu amtazame nyayo zote mbili, katikati ya vidole pia. Akipata jeraha au lengelenge, hata dogo, msilipasue wala msipake dawa ya kienyeji. Nendeni hospitali siku hiyo hiyo, maana bahati nzuri mko katika mji wenye madaktari. Na kabla ya kukodi gari, mwulizeni daktari wake wa moyo, ana kwa ana, kama anaruhusiwa kutoka mjini siku mbili na kutembea kiasi gani. Akisema bado, mume wako abaki naye na wewe uende na watoto siku moja, asubuhi hadi mchana. Mama asipande vilima vya mawe wala asiingie njia nyembamba ya kutambaa iliyo ndani ya Kailasanatha.

Mambo matatu ya makaratasi. Viza ya matibabu ya mtandaoni inachukua wasindikizaji wawili tu kwa mgonjwa mmoja, basi wengine waombe ya utalii mapema. Cheti cha homa ya manjano kila mmoja awe nacho, chanjo ikiwa imepita siku 10 kabla ya kufika. Na angalieni kalenda: katikati ya Januari ni sikukuu ya mavuno ya Pongal, siku kadhaa mfululizo, barabara zinajaa na vyumba vya Mahabalipuram vinakwisha. Kama kliniki ya baba inaangukia wiki hiyo, fanyeni Mylapore kwanza, na mwende pwani baada ya watu kurudi makazini.

Picha, kwa kuwa najua binti atauliza: Mahabalipuram apige atakavyo kwa simu. Katika mahekalu yenye ibada, mahakama iliagiza Desemba 2022 simu zisiingizwe katika mahekalu ya jimbo zima, na nyingi zinaachwa kwenye kaunta langoni. Mpe daftari na penseli. Aanze na paa la Draupadi, kwa sababu ndilo rahisi kuchora.